Ndia Kuu Si Dirisha la Duka

Aliyezoea Kiswahili cha vitabuni, akisoma jina la mtaa wa Ndia Kuu hapa Mombasa, hudhani mwandishi wa kibao amekosea. La hasha! Kwa Kimvita njia ni ndia, na wenyeji ndio waliouita mtaa wao hivyo.

Wareno, walioanza kujenga Ngome mwaka 1593, waliuita mtaa huu Raposeira. Walipong'olewa na Waomani mwaka 1698, jina hilo likaondoka nao. Barabara ya Kilindini imekuwa Barabara ya Moi, na Mtaa wa Vasco da Gama ukapewa jina la Liwali Sir Mbarak Ali Hinawy. Ndia Kuu ni ile ile.

Ukiipa Ngome kisogo ukaelekea kaskazini, ndia inakwenda sambamba na pwani kuelekea Bandari ya Kale, yalikotia nanga majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Vichochoro vya kulia vinaelekea baharini, vya kushoto vinaingia mitaani. Chini ni duka, juu ni nyumba ya watu. Roshani za mbao zinatia kivuli na kuwasitiri wa ndani, nao wakaona yapitayo nje. Hapo mlangoni pana baraza, ambapo mgeni huongezwa kahawa bila kupita uani. Waliojenga hivi waliijua hishima ya nyumba na haki ya jirani.

Biashara kubwa ilihamia Kilindini, kwenye kina cha meli kubwa, nayo ndia ikabaki na watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini sheria hulinda mlango wa nakshi; haimlindi aketiye barazani.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Mzee akifariki, nyumba huwa ya warithi kumi, kila mmoja na fungu lake. Mmoja akitaka fedha, hutafutwa mnunuzi wa mbali. Familia ikavuka ng'ambo, chini kukauzwa vinyago, juu kukafungwa. Kuta zimesalimika, lakini mtaa umekufa.

Dawa tunayo wenyewe. Dini yetu imempa mshirika haki ya shufaa, atangulizwe kabla ya mgeni kununua fungu la mwenziwe. Na kumuuliza jirani kwanza ni katika wema wa ujirani. Basi, enyi warithi, kabla ya kumwita dalali ulizaneni ninyi kwa ninyi, kisha bisheni hodi nyumba ya pili. Mwenye uwezo anunue fungu la nduguye, hata kwa kulipa kidogo kidogo.

Watalii waje, tuwakirimu. Ila wakifika wakute watu, si dirisha la duka. Ndia isiyo na wa kuitikia salamu ni uchochoro tu, hata ikiitwa kuu.