MCHEZA KWA WATU NAYE ATUNZWE

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hawakutuachia neno juu ya yule anayefundisha kucheza ndani ya ukumbi wa mtu mwingine. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia leo, kwa kuwa kazi yake husifiwa na wote, lakini haki yake haina msemaji.

Wakazi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hawahitaji kuelezwa thamani ya ngoma. Tangu karne ya 19 wafuasi wa Ngika na wa Gumha, yaani Bagika na Bagalu, wameshindana kwa kuvuta watu, na yule ambaye umati umebaki kwake ndiye mshindi. Katika utaratibu huo wa wazee, manju hakuwa mkiwa. Kikundi kilichokwenda kulima kwa ngoma kilipatana kwanza na mwenye shamba, ndipo jembe lilipoingia udongoni. Bayeye, wacheza na nyoka, walikuwa na dawa zao za sumu, na mwenzao aliyeumwa alitibiwa na wenziwe. Kwa lugha ya leo, ile ilikuwa bima.

Siku hizi ngoma imeingia pia ndani ya kuta. Hufundishwa katika kumbi za starehe, katika shule na katika vituo vya utamaduni, na mwenye ukumbi siye mwenye ngoma. Mara nyingi mapatano ni ya mdomo tu. Wanafunzi wakijaa, mwenye ukumbi hudai fungu kubwa kwa sababu ukumbi ni wake. Wakipungua, hukata kodi yake kwanza, na mwalimu huambulia nauli au patupu.

Hatusemi kwamba kila mwenye ukumbi ni mnyonyaji. Bati, umeme na leseni vina gharama, na kodi ni haki yake. Tunalolikataa ni mtu mmoja kupewa majina mawili. Saa za kufundisha zinapopangwa na adhabu ya kuchelewa inapotolewa, mwalimu huitwa mtumishi. Siku anapoteleza sakafuni na kuvunjika mguu, huambiwa kuwa alikuwa mpangaji tu, akajitibu mwenyewe. Huwezi kuwa mwajiri wakati wa faida ukawa mpangishaji wakati wa hasara.

Sheria za nchi yetu zimekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa bila kujali sura ya mkataba wake, ikiwa, kwa mfano, namna ya kazi yake au saa zake zinaongozwa na mwingine, au anapewa vifaa na huyo mwingine, au anamtegemea kwa riziki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na aliye mwajiriwa anakingwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake huchangiwa na mwajiri bila kukata senti katika mshahara. Kwa hiyo mwenye ukumbi anayeendesha mambo yote ya mwalimu asijifiche nyuma ya neno "mpangaji".

Lakini yuko mwalimu ambaye kweli amejiajiri, anayepanga ukumbi kwa saa mbili na kukusanya ada mwenyewe. Huyo Mfuko wa Fidia haumfikii. Anaweza kujiunga kwa hiari na NSSF, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamhusu kama inavyomhusu kila mkazi wa Tanzania Bara. Hata hivyo, tusidanganyane: bima ya afya humlipa daktari, hailipi unga wa nyumbani katika miezi ambayo mguu umefungwa. Pengo hilo ndilo lililokuwa likizibwa na vyama vya ngoma vya wazee wetu. Vikundi vya leo navyo viweke mfuko wa kufaana, kila onyesho litoe fungu lake, na fedha hizo ziandikwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara wasidhani kuwa haya ni ya Bariadi peke yake. Mwalimu wa ngoma atokaye Nansio kwenda Bariadi kwa njia ya nchi kavu huvuka kivuko cha Rugezi na Kisorya, akapita Bunda na Lamadi. Ziwa likichafuka, nani anamlipa siku aliyolala gatini? Akiumia njiani, msiba ni wa nani? Maji ya ziwa hili tunayajua. Mnamo Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilizama karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Anayemwita mwalimu kutoka kisiwani hana budi kupatana naye juu ya safari pia.

Tunawaomba viongozi wahusika wafanye mambo matatu. Kwanza, maafisa utamaduni na maafisa kazi watayarishe mkataba wa kurasa mbili, kwa Kiswahili chepesi, utakaotaja kodi, ujira, siku ya malipo, safari, na nani atamtibu atakayeumia. Pili, halmashauri zianze na kumbi zao na shule zao kabla ya kumnyoshea mtu binafsi kidole. Tatu, kikundi kinachoalikwa kwenye sherehe ya Serikali kilipwe siku hiyo hiyo. Chakula na makofi si ujira.

Ibara ya 23 ya Katiba yetu inatambua haki ya kila afanyaye kazi kupata malipo ya haki. Dini nayo imetufunza kwamba ujira hutolewa kabla jasho halijakauka. Watu hawalipi kiingilio ili wakatazame kuta, humfuata manju. Basi manju naye aandikiwe haki yake kabla ngoma haijapigwa.