Kila Mtoto na Wakati Wake, Lakini Wakati Una Mpaka

Mama anapoeleza kwamba mwanawe bado hajakaa, jibu analolipata kwa jirani, na mara nyingine hata kwa mhudumu wa afya, ni lile lile: "Usiwe na wasiwasi, kila mtoto na wakati wake." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, nikiwa daktari wa watoto, naiona kuwa miongoni mwa sababu zinazowafanya watoto wafikishwe hospitalini wakiwa wamechelewa.

Tuanze na ukweli wake. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, yaani Ghana, India, Marekani, Norwe na Omani, na mwaka 2006 likachapisha vipindi ambamo karibu watoto wote hao walifikia kila hatua. Kukaa bila kuegemezwa kulianza kati ya miezi 3.8 na 9.2, kusimama bila kushikilia, kati ya miezi 6.9 na 16.9, na kutembea bila msaada, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Ni tofauti kubwa. Mmoja hutembea kabla ya kutimiza miezi tisa, mwingine akikaribia mwaka na nusu, na wote ni wazima. Aidha, takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Mtoto anaweza kusota kwa makalio, kisha siku moja akasimama dede na kuanza kutembea. Vigezo hivyo ni vya wavulana na wasichana kwa pamoja, hivyo dai kwamba mtoto wa kiume huchelewa kutembea halina msingi.

Lakini takwimu hizo hizo zina upande wa pili ambao hatuutaji: kila kipindi kina mwisho. Mwisho huo ukishapita, hatupaswi tena kuuliza lini mtoto atakaa. Tunapaswa kuuliza kwa nini hajakaa.

Swali hilo lina mahali pake tayari. Katika ratiba ya chanjo ya Tanzania, mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ziara ya kwanza inakaribiana na mwisho wa kipindi cha kukaa, na ya pili inakuja mara tu baada ya mwisho wa kipindi cha kutembea. Leo, katika ziara hizo, mtoto hupimwa uzito, huchomwa sindano, tarehe ya kurudi huandikwa kwenye kadi, na mama huondoka. Mizani haisemi kama mtoto anakaa. Napendekeza kwamba katika miezi 9 kila mhudumu aulize, "Anakaa mwenyewe?" na katika miezi 18, "Anatembea mwenyewe?" Kisha atazame kwa macho yake. Jibu likiwa "hapana", mtoto achunguzwe siku hiyo hiyo au apewe rufaa.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba foleni ni ndefu na wahudumu ni wachache. Ni kweli, lakini swali moja halifikii hata dakika, na mtoto yuko mbele yetu tayari. Wapo pia watakaouliza rufaa ina faida gani ikiwa mtindio wa ubongo hauna tiba ya kuuondoa. Kwanza, si kila anayechelewa ana mtindio wa ubongo. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi hutibiwa kwa kidonge cha kila siku, na kila mwezi unaopotea hupunguza uwezo wa ubongo wake. Matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D nayo hutibika. Pili, hata penye mtindio wa ubongo, fiziotherapia ikianza mapema husaidia viungo visikakamae, na mama hufundishwa namna ya kumbeba mtoto, kumkalisha, na kumlisha bila kupaliwa.

Mzazi nawe una haki ya kutosubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke mtoto mapema ikiwa shingo yake haijakaza afikapo miezi minne. Ikiwa mwili wake ni mkakamavu mno au umelegea mno. Ikiwa anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Au ikiwa amepoteza uwezo aliokuwa nao. Alama hii ya mwisho haipaswi kungojewa katika umri wowote. Kwa mtoto njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, hadi atimize miaka miwili. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akiwa na miezi 9 hutazamwa kama wa miezi 7. Hata hivyo, unjiti usigeuzwe kisingizio, kwa kuwa mtoto huyo yumo katika hatari kubwa zaidi, sawa na aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano makali, au aliyeugua uti wa mgongo au malaria kali.

Kumfukia mtoto miguu mchangani ili ipate nguvu hakumsaidii, maana mara nyingi tatizo liko kwenye ubongo unaoiongoza miguu hiyo. Kumlaumu mama humsaidia mtoto hata kidogo zaidi, kwani anayelaumiwa humficha mwanawe ndani.

Wahudumu wenzangu, tuendelee kuwatuliza akina mama, lakini baada ya kumtazama mtoto. Tumkalishe mkekani, tumwone, ndipo tuseme kwamba wakati wake bado haujafika.