Kisanduku cha Gitaa: Tununue au Tuunde?

Yako mambo madogo ambayo mtu akiyatazama kwa jicho la haraka huyaona si lolote si chochote, kumbe ndani yake mna habari ya nchi nzima. Leo, wasomaji wangu, nataka tuzungumze juu ya kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Msinicheke mpaka mfike mwisho.

Nilikwenda Nakuru kwa arusi. Huko anakaa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye mchana huuza duka na mwisho wa juma hupiga gitaa na vijana wenzake maarusini na mahotelini, mara Nakuru mjini, mara Naivasha, mara Njoro. Najua wako watakaouliza, mtu aliyelelewa na msahafu na ubao anatafuta nini kwenye magitaa. Jawabu langu ni kwamba mimi ni mtu wa pwani, na pwani hakuna arusi isiyokuwa na sauti. Isitoshe, kijana yule ni damu yangu, na siku ile nilimkuta ana huzuni.

Huzuni yake ilikuwa hii. Ukumbi aliokuwa apige ulikuwa mkubwa, na amplifaya yake ya gitaa haikuweza kuujaza peke yake. Ilibidi sauti itoke kwenye amplifaya ile, iingie kwenye mikisa ya ukumbi, ndipo itoke kwenye maspika makubwa. Njia iliyozoeleka ni kuweka maikrofoni mbele ya spika. Walakin maikrofoni husikia na yasiyoihusu: ngoma za nyuma, vigelegele vya akina mama, hata viti vikiburutwa. Njia ya pili ni kuichukua sauti katika waya ule ule unaokwenda kwenye spika, na kuipitisha katika kisanduku ambacho mafundi hukiita laini-auti.

Kwa nini kisanduku, na si waya mtupu? Hapa pana hesabu, na si ngumu. Amplifaya ya wati 100 inayoendesha spika ya omu 8, ikifunguliwa hadi kikomo, hutoa kiasi cha volti 28. Mikisa hutaka kiasi cha volti 1 tu. Ukizipeleka volti 28 mahali panapotaka 1, ni kama kumnywesha mtoto mchanga maji kwa mpira wa zimamoto. Kazi ya kisanduku ni kuzipunguza. Ndani yake, kwa uchache, mna rizista mbili: moja ya omu 10,000 na nyingine ya omu 470. Zile volti 28 zikipita hapo hubaki volti moja na robo hivi. Hiyo ndiyo siri yote.

Mpwa wangu hakuijua siri hiyo, na hakuna aliyemweleza. Alikwenda duka moja, akaomba kisanduku cha kupeleka gitaa kwenye mikisa, akauziwa kizuri cha kung'aa, kwa shilingi elfu kadhaa. Kweli kilikuwa cha gitaa, lakini kilikuwa cha gitaa tupu, la kuchomekwa kabla halijafika kwenye amplifaya, ambapo umeme wake ni kidogo sana. Yeye akakichomeka kwenye tundu la spika. Kilidumu nyimbo mbili. Alipokirudisha aliambiwa kuwa bidhaa iliyouzwa hairudi.

"Mjomba," akaniambia, "hela ya arusi tatu imekwenda na moshi."

Nikamwambia twende kwa fundi. Tulimpata nyuma ya soko, chini ya paa la mabati, kazungukwa na maredio yaliyofunguliwa matumbo. Mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Sisi tulidhani atashika chuma cha kulehemu pale pale. Hakushika. Alianza kuuliza. Amplifaya ni ya wati ngapi? Spika ni ya omu ngapi? Ni ya valvu au ya transista? Kisha akachukua mita yake, akagusa waya mmoja wa spika na bati la amplifaya.

"Mzee," akaniambia, "ziko amplifaya ambazo waya zote mbili za spika ni hai, hakuna ulio wa athi. Nyingi za gari ni hivyo. Nikiunganisha mmoja na athi ya mikisa, nitaua amplifaya ya huyu kijana. Kwanza nijue, halafu nifanye."

Alipokwisha kujua, alitoa rizista mbili, akatafuta kopo la bati, akaongeza transfoma ndogo aliyoing'oa katika kibao cha simu ya zamani. Transfoma hiyo, alisema, inapitisha sauti bila ya waya za upande huu kugusana na za upande huu, na kwa hivyo ule mvumo unaosikika amplifaya na mikisa zikichomekwa umeme mahali mbalimbali hukatika. Akatia na kapasita ya kupunguza ukali, kwa kuwa sauti ya gitaa ikitoka kwenye waya bila ya kupita kwenye spika huwa kali kama nyuki walioghadhibishwa; spika yenyewe ndiyo huulainisha ukali huo. Kazi ilichukua muda wa baina ya adhuhuri na alasiri. Vifaa na ufundi pamoja havikufika nusu ya bei ya kile kilichoungua. Usiku ule gitaa lilisikika hadi nje ya mlango.

Sasa msomaji wangu atasema: basi jawabu limepatikana, tuunde, tusinunue. La. Lau mambo yangekuwa mepesi hivyo nisingeandika makala hii.

Tutazame upande wa kununua kwanza. Kisanduku cha dukani kimekuja kwa bahari. Kimeshushwa Kilindini, mbele ya macho yetu, kikapita Mombasa bila ya kusimama na kupanda bara. Njiani kimelipiwa ushuru, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Bei yake hufuata dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilifika kiasi cha shilingi 160. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Kijana anayepiga gitaa Njoro hana habari na dola, lakini dola ina habari naye.

Hata hivyo, kisanduku kizuri cha dukani kina fadhila zake, na si haki kuzificha. Kile kilichotengenezwa mahususi kwa kazi hii huandikwa kimeweza kupokea umeme wa spika na hadi wati ngapi. Kina transfoma iliyopimwa. Vingine vina kichujio kinachoiga sauti ya spika vizuri kuliko kapasita moja ya fundi wetu. Mwenye kupiga kila usiku katika kumbi mbalimbali, na leo yuko na mikisa hii, kesho ile, akinunua kitu cha namna hiyo hakupoteza fedha. Kadhalika mwenye amplifaya ya valvu ya thamani kubwa afikiri mara mbili. Amplifaya ya valvu haitaki kuwashwa bila ya spika, kwani transfoma yake ya ndani yaweza kuungua. Kisanduku hiki hakishiki nafasi ya spika, na anayedhani kinashika atalia. Wala mtu asiyejua asiifungue amplifaya kwa bisibisi: mle ndani, hata ikiwa imezimwa, mwaweza kubaki mamia ya volti yanayomsubiri.

Basi kosa la mpwa wangu halikuwa kununua. Kosa ni kununua asichokijua kwa mtu asiyekijua. Angeweza kufanya kosa lilo hilo kwa fundi mbabaishaji, akaundiwa kopo la kuua amplifaya kwa nusu ya bei.

Waliosoma fiqhi kidogo watakumbuka kwamba wanazuoni waliliona jambo hili zamani. Kitu kisichokuwapo bado, ukitaka kukinunua, pana masharti. Mahanafi wameruhusu istisnaa, yaani kumwagiza fundi akuundie kitu. Sisi Mashafii wa pwani tumefuata njia nyembamba zaidi ya salam, ambayo bei hutangulizwa yote na sifa za kitu zikabainishwa barabara. Katika njia zote mbili nguzo ni moja: sifa zijulikane. Kitu gani, cha kiasi gani, cha kazi gani. Ukitazama, maswali ya yule fundi wa Nakuru yalikuwa ni hayo hayo, naye labda hajapata kusikia neno salam katika maana hiyo. Muuza duka naye angeuliza swali moja tu, "wakitaka cha kuchomeka wapi?", kisanduku kisingeungua. Mali ya watu iliteketea kwa kukosekana swali.

Wazee wetu waliijua adabu hii. Hakuna aliyekwenda dukani kununua jahazi. Ulikwenda Lamu, ukakaa na fundi, mkasemezana urefu, mbao, mzigo na pepo utakazosafiria, ndipo shoka likaanza kulia. Na tulipopata vitu vya wageni hatukuviogopa. Taishokoto ilitoka Japani, chombo cha nyuzi kinachobonyezwa kama taipureta. Ikafika Lamu na Mombasa, ikatiwa umeme, ikaingia katika taarabu hata Zuhura Swaleh akaimba nayo kana kwamba ilizaliwa Kibokoni.

Bonde la Ufa halikubaki nyuma. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis, huko Kapkatet, wakimwimba Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri, wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Baadaye Kericho ikawa na duka na studio ya Chandarana, ikirekodi magitaa ya benga ya Wajaluo na ya Wakalenjin. Kwa hivyo gitaa la umeme si mgeni katika nyanda zile. Mgeni ni ujuzi wa kilichomo ndani ya sanduku lake, na mgeni huyu tumemweka barazani miaka yote, hatumkaribishi ndani.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilitoa ripoti yake mashuhuri juu ya ajira ya Kenya, likawasifu mafundi wadogo ambao serikali ilikuwa ikiwafukuza mabarabarani. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulikuja na ahadi ya kufundisha kazi za mikono. Katika miaka ya 2000 masomo hayo yalipunguzwa. Mwaka 1992 uliandikwa waraka wa Bunge juu ya jua kali, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo ndogo. Mwaka 2024 ikazinduliwa sera ya kuutambua ujuzi mtu alioupata kazini bila ya darasa, ili apimwe na apewe cheti. Karatasi hazikukosekana. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na ina chuo kikubwa cha ufundi. Lakini fundi wa nyuma ya soko na mwanafunzi wa chuo hicho wamepishana kama punda na treni. Mmoja ana mita na miaka thelathini ya kosa na sahihisho. Mwingine ana vitabu vya hesabu ya rizista. Wakikaa meza moja, vile visanduku vingetoka Nakuru vikiwa vimepimwa, vimeandikwa uwezo wake ubavuni, na kijana wa Njoro angenunua kilichoundwa kwao. Na swali langu la kununua au kuunda lingekwisha lenyewe.

Nilimwuliza yule fundi kama ana mwanafunzi. Akasema alikuwa naye mmoja, akaacha, akaenda kuendesha bodaboda kwa kuwa boda hulipa kila jioni. Sikumlaumu kijana huyo. Lakini nilimtazama fundi na miwani yake ya uzi, nikahesabu umri wake, nikaona kuwa siku atakapokunja jamvi, watu wa mtaa ule watabaki na duka tupu la kununulia, na hakuna wa kuwauliza swali.

Ushauri wangu kwa vijana ni huu. Kama una amplifaya moja ya transista, na unaye fundi anayeuliza kabla ya kushika, mwagize akuundie, ukae naye, uone kila waya unakokwenda. Kama kazi yako ni kubwa na kumbi zako ni nyingi, nunua, lakini soma kilichoandikwa ubavuni mwa sanduku kabla ya kutoa fedha, na ukikosa kuelewa rudi kwa fundi yule yule, umlipe japo kwa kukusomea tu. Elimu nayo ni bidhaa. Mpwa wangu sasa kila Jumapili asubuhi huenda chini ya yale mabati, ameanza kujua kulehemu. Nami kwa kumtia moyo nilimwandikia ubeti, naye ameubandika juu ya kile kikopo:

Cha kununua nunuwa, usije ukajitesa,
Na cha kuundwa tambuwa, na fundi mlipe pesa,
Siri ya kitu kujuwa, ndiyo mali ya kabisa,
Kikifa utafunguwa, uendelee na ngoma.