Picha Ambazo Sikuzituma Nyumbani

Huku Johannesburg Juni imeingia na baridi yake, na mwenzenu natoka zamu ya usiku nikiwa nimevaa soksi mbili mbili. Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya picha, kwa sababu wengi wenu mnajua kwamba nikivua sare ya uuguzi, kamera ndiyo starehe yangu.

Nimekulia Tanga. Kwetu picha ilikuwa jambo la sikukuu. Siku ya Idi tulivaa nguo mpya, tukapelekwa studio, tukasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani na maua. Kulikuwa na simu ya mezani isiyounganishwa popote. Kila mtoto aliishika sikioni kwa zamu, akatabasamu. Hakuna aliyedanganyika, maana mtaa mzima ulilijua pazia lile.

Nilipofika huku nikajitafutia pazia jipya. Sandton kuna uwanja wa Nelson Mandela, na tangu 2004 pana sanamu yake ya shaba yenye urefu wa mita 6. Sijui kama kuna mgeni wa Afrika Mashariki katika jiji hili ambaye hajapiga picha miguuni pake. Mimi nimepiga nyingi. Nilizituma nyumbani pamoja na picha za mikahawa niliyoingia mara moja tu, nikanywa chai nikaondoka. Tofauti ni kwamba safari hii waliozipokea hawakulijua pazia.

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu akiwa Tunduma. Alikuwa ameuza pikipiki yake ya bodaboda na anataka kuvuka Zambia, kisha Zimbabwe, anifuate. Kibali cha kazi hana. Nikamweleza yote: kwamba flati yetu ya Yeoville tunakaa watu watatu, kwamba sehemu kubwa ya mshahara inalipa mkopo wa masomo ya shahada, kwamba asiye na karatasi hapa hulala na wasiwasi. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Dada, mbona picha zako hazisemi hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga picha ya chumba changu kilivyo wakati ule: godoro, hita, sare ikikauka juu ya kiti, kufuli tatu mlangoni. Nikamtumia. Baada ya saa nzima akaandika, "Narudi." Pikipiki ilikuwa imeshauzwa. Sasa namsaidia kulipia nyingine kidogo kidogo, lakini zile simu zetu za usiku zilizojaa mizaha hazijarudi kama zamani.

Baada ya hapo nilianza kuziangalia upya kazi za David Goldblatt. Huyu alizaliwa Randfontein, magharibi ya jiji hili, mwaka 1930, akafariki hapa hapa 2018. Miaka ya ubaguzi wa rangi wapiga picha wengi walikimbilia risasi na maandamano. Yeye aliangalia zaidi siku za kawaida. Mwaka 1983 na 1984 alipanda mabasi ya wafanyakazi wa KwaNdebele, watu weusi waliolazimishwa kuishi mbali na Pretoria walikofanya kazi. Waliondoka usiku wa manane na kurudi usiku. Picha zinawaonyesha wamelala wakiwa wameketi, wengine wamesimama wakisinzia. Haonekani polisi wala damu, lakini ukiziangalia unaelewa serikali ile iliwafanya nini watu. Mwaka 1989 alianzisha Market Photo Workshop, shule ya upigaji picha mtaani Newtown, ambako vijana waliofungiwa milango mingine walipata kujifunza.

Mimi si Goldblatt, lakini usingizi wa kwenye gari naujua. Kwa hiyo sasa napiga picha njia yangu ya kazini. Napiga mkono wangu ukinyoosha kidole juu, ishara ya kuiambia teksi kwamba unaelekea mjini. Napiga noti za nauli zikipitishwa kutoka kiti cha nyuma hadi mbele, na chenji ikirudi bila kupungua. Pale sokoni Yeoville nampiga mama wa Kikongo auzaye sombe na dagaa, tunayesalimiana kwa Kiswahili. Kwanza naomba ruhusa, kama ninavyomwomba mgonjwa kabla ya kumchoma sindano. Akikataa, nanunua dagaa wangu naenda zangu. Wagonjwa siwapigi kabisa. Wodini kamera haiingii.

Picha hizi sasa ndizo ninazozituma Tanga. Mwanzoni mama alisikitika, akasema majirani wataniona nimeshindwa maisha. Juzi akaniuliza yule mama wa sombe anaendeleaje, na kama nimenunua blanketi zito. Miaka yote niliyomtumia Sandton, hajawahi kuniuliza kama nasikia baridi.

Wanafunzi na wazazi wenzangu mlio mbali, sisemi muache kupendeza. Idi ikifika nami nitavaa, nitakwenda kwa Mandela. Ila wiki hii tumeni nyumbani picha moja ya Jumanne ya kawaida: sufuria, foleni ya basi, viatu vya kazi. Huenda kuna mdogo wako anahesabu nauli.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaliwa.