Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Rwanda: Vyuma vya Mifupa Visitupwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa taadhima nakuandikia kutoka Mahoko, kando ya barabara kuu itokayo Musanze kwenda Gisenyi, ambayo kwa wingi wa malori na pikipiki zake haiachi kutuletea waliovunjika mapaja, wakahitaji kutiwa chuma ndani ya mfupa ili wapate kusimama tena.

Chuma kile kikivamiwa na bakteria, hususan stafilokoka, hufunikwa na utando wanaoufuma wenyewe, nao wakiisha kujisitiri humo, antibiotiki aghalabu hushindwa kuwamaliza, hata mgonjwa akapasuliwa tena na chuma kikang'olewa.

Ili bakteria hao wasiingie pamoja na chuma, mvuke wa nyuzi 121 kwa robo saa watosha kutakasa vyuma vya titani kabla ya upasuaji, wala sitaki tuudharau. Lakini baadhi ya plastiki za viungo bandia, na dawa zinazopakwa juu ya vyuma, hazistahimili joto hilo, na gesi ya oksidi ya ethilini ni sumu inayotaka saa nyingi za kupepea. Hapo ndipo ilipo fadhila ya plazima baridi: umeme hupitishwa katika hewa hata baadhi ya atomi zake zikapoteza elektroni, ikazaliwa ozoni na chembe nyingine kali zinazoharibu kuta za bakteria, ilhali kifaa chenyewe hubaki vuguvugu tu. Tangu miaka ya 1990 ziko hospitali ng'ambo zitumiazo plazima pamoja na mvuke wa peroksidi ya hidrojeni, kwa joto lisilozidi nyuzi 60.

Amma haja yangu si mashine, kwani mashine ghali isiyo na fundi huishia stoo. Fauka ya hayo, plazima haipenyi vema matundu marefu membamba, wala haiondoi damu iliyokauka, hivyo brashi na maji vingali wajibu wa kwanza. Ninaloomba ni kwamba vyuma vinavyotolewa kwa sababu ya usaha visitupwe, bali kwa idhini ya wagonjwa vipelekwe Chuo Kikuu cha Rwanda, bakteria wake watambuliwe, na utando wao ujaribiwe kwa plazima ya hewa, ili Rwanda FDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, iwe na vipimo vya kwetu wenyewe siku wauzaji watakapozileta mashine zao za plazima mezani.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mahoko, Rubavu