ANAYEKUPENDA ATAKUSAHIHISHA

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehma, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, kila mwaka jarida hili linapokaribia kuchapishwa, sisi wa kamati hupokea insha, mashairi na makala kutoka madarasa yote. Jambo hili hutufurahisha sana. Lakini kuna upungufu tunaouona kila mwaka, na safari hii tumeonelea tuuseme wazi. Wanafunzi tunajua kuandika, ila hatujui kusomeana. Mwenzetu akitupa kazi yake tuitazame, hufanya moja kati ya mawili: ama tunasema "Maashaallah, nzuri sana" na kumrudishia, ama tunaicheka mbele za watu. Yote mawili hayamfai kitu mwandishi.

Tutoe mfano uliotokea hapa hapa kwetu. Mwaka mmoja kaka yetu wa darasa la juu aliandika makala juu ya fadhila za elimu. Kabla ya kuileta aliwapa wenzake wanne waisome, na wote wanne wakaisifu. Sisi nasi tukaipitisha. Ndani yake mlikuwa na maneno kwamba Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute elimu hata China. Jarida lilipofika majumbani, mzazi mmoja akaja madrasa, akatuuliza kwa upole: "Wanangu, hadithi hii imepokewa na nani?" Tukatazamana. Ustadhi wetu ndiye aliyetufahamisha kwamba maneno hayo, ingawa yameenea midomoni mwa watu, hayakuthibiti kwa Mtume (s.a.w.). Imamu al-Bayhaqi ameeleza kuwa upokezi wake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, ameyatia katika kitabu chake cha hadithi za kubuni.

Kaka yetu hakukusudia uongo, na Allah anajua nia yake. Lakini kumnasibishia Mtume (s.a.w.) asilolisema si jambo dogo, na sote tunajua onyo kali lililokuja juu ya mwenye kulifanya kwa makusudi. Kilichotuuma zaidi ni tulichokisikia baadaye. Mmoja katika wale wanne, mdogo wetu wa darasa la chini, alikuwa amekwisha kufundishwa habari ya maneno yale katika somo lake la Hadithi. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alijibu: "Niliona haya. Yeye ni mkubwa wangu, na wenzangu wote walikuwa wameshasifu."

Hatumlaumu mdogo wetu huyu. Tunajilaumu sisi wakubwa. Tumemzoesha kwamba heshima ni kunyamaza, na kwamba mwenye kusahihisha ni hasidi. Maoni yetu ni kinyume cha hayo: anayekupenda atakusahihisha, na atakusahihisha mapema, kabla kosa lako halijasomwa na mji mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muumini ni kioo cha Muumini mwenzake. Hebu tukitazame kioo kinavyofanya kazi. Ukiwa na doa usoni hakikufichi, wala hakikuzidishii doa usilokuwa nalo. Na ukiondoka mbele yake, hakimwambii anayekuja nyuma yako.

Vitabu vya sira vinatusimulia pia habari ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliposhuka na jeshi mahali fulani, sahaba Hubab bin al-Mundhir (r.a.) alimwendea, akauliza kwanza: je, mahali hapa ni kwa amri ya Allah, au ni rai na mbinu za vita? Alipojibiwa kuwa ni rai, akatoa ushauri wake: wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na maadui, wapate maji wao na wayakose wale. Mtume (s.a.w.) akaikubali rai ile na jeshi likahama. Tazama adabu za Hubab. Aliuliza kabla ya kusema. Hakusema tu "hapa pabaya", bali alieleza sababu na akaonyesha palipo bora. Na tazama aliyeshauriwa: kiumbe bora kuliko wote, na bado alisikiliza. Sisi ni nani hata tununie kusahihishwa insha?

Imamu Shafii naye, ambaye wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu yake, aliandika kitabu chake cha Risala, kisha alipohamia Misri akakiandika upya. Hicho cha Misri ndicho kinachosomwa mpaka leo. Wanafunzi wake wamesimulia kwamba alisomewa kitabu hicho mara nyingi, na kila mara akaona la kurekebisha, mpaka akasema kwamba hakuna kitabu kilichosalimika na makosa isipokuwa Kitabu cha Allah. Na waandishi wa zamani, walipomaliza kunakili, walikilinganisha kitabu na asili yake. Neno lililorukwa waliliandika pambizoni, wakatia alama ya "sahha", yaani "ni sahihi". Hawakuona aibu pambizo kujaa masahihisho. Kwao hiyo ilikuwa dalili kwamba kitabu kimesomwa kwa uangalifu.

Wapo watakaosema kwamba kukosoa kunavunja moyo. Ni kweli, kukikosekana adabu. Tunamjua mwenzetu aliyesomewa makosa yake mbele ya darasa zima huku watu wakicheka, na tangu siku ile hajaleta insha tena. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Ewe unayesoma kazi ya mwenzako:

(i) Isome mpaka mwisho kabla hujasema lolote.

(ii) Taja kizuri kwa kukionyesha. "Nzuri" peke yake haifundishi. Sema, "Mfano huu umenifahamisha."

(iii) Anza na ukweli wa maneno: je, aya imenukuliwa sawasawa, hadithi imethibiti? Kisha tazama mpangilio. Nukta na tahajia ziwe mwisho.

(iv) Onyesha kosa mahali pake, na useme lirekebishwe vipi. Lakini usimwandikie, kwani insha ni yake.

(v) Zungumza naye faraghani, na likishatengenezwa usilitangaze.

Nawe ewe mwandishi:

(i) Uliza swali lililo wazi. Ukiuliza "Unaionaje?" utajibiwa "Nzuri." Uliza, "Ni wapi hukunifahamu?"

(ii) Sikiliza bila kujitetea. Msomaji wa jarida hatakuwa na wewe ubavuni umweleze ulichokusudia.

(iii) Shukuru, kisha pima. Si lazima ufuate kila rai, ila kosa la ukweli halina hiari. Na watu wawili wakikwama mahali pamoja, jua kwamba hapo pana kasoro.

(iv) Waulize na walio wadogo kwako. Kinyozi hajinyoi, na wembe si lazima ushikwe na mkubwa.

Wazazi wetu nao tunawaomba msaada. Mwanao akiandika, mwambie akusomee kwa sauti. Hata kama hukusoma shule, sikio lako litasikia mahali maneno yanapogongana.

Na sisi wa kamati tunajifunga kwa haya. Kuanzia jarida lijalo, kila makala itasomwa na wanafunzi wawili kabla ya kutufikia, mmoja wao awe wa darasa la chini kuliko mwandishi. Na kosa tutakalochapisha sisi, tutalisahihisha katika jarida linalofuata, waziwazi.

Ama kaka yetu yule, alipopata habari hakukasirika. Alimwomba Ustadhi ruhusa, akasimama mbele ya wanafunzi akasahihisha mwenyewe maneno aliyoyaandika. Kisha makala yake ya mwaka huu akampa mdogo wetu yule aisome kwanza. Ilirudi na alama tatu za kalamu ya risasi pambizoni. Mbili alizikubali, ya tatu wakaipeleka kwa Ustadhi.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa vioo vyema kwa ndugu zetu, na atupe vifua vipana vya kupokea nasaha. Amin.

Wabillahi tawfiq.