Chokaa Kwanza, Viyoyozi Baadaye

Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani, kwa kuharibika njia iletayo umeme kutoka Bara. Fundisho lile lisisahauliwe. Nyumba za Mji Mkongwe, hatua chache tu kutoka Darajani, zilijengwa kwa mawe na chokaa: kuta nene, dari zilizo juu, ua wa ndani upitishao upepo. Leo ua hufunikwa, kuta hupakwa saruji izuiayo unyevu kutoka, kisha viyoyozi hutundikwa. Gharama humwelemea mfanyakazi aliyepanga. Twasema: Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, isimamie bila ya upendeleo chokaa na ua virudishwe kwanza, na mwenye nyumba asiyejiweza asaidiwe. Kuhifadhi mji na kuokoa umeme ni kazi moja.